Je, Wajua? Damu Ikichelewa Njiani, Kipimo Hupotosha

Sampuli ya damu kutoka Bariadi inaweza kuashiria saratani ya mapafu kwa sababu tu imechelewa kufika maabara Mwanza!

Protini iitwayo NSE hupanda kwa wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu ya seli ndogo. Lakini imo pia ndani ya seli nyekundu za damu. Zikipasuka, kwa kucheleweshwa au kutikiswa njiani, NSE humwagika na kiwango hupanda. Kwa hiyo seramu itenganishwe mapema, kabla ya safari.

Protini nyingine inayopimwa, CEA, iliyogunduliwa Kanada mwaka 1965, huweza kuwa juu kwa mvutaji sigara asiye na saratani.

Ya tatu, CYFRA 21-1, ikiwa juu tangu mwanzo, mara nyingi ugonjwa huwa mkali zaidi.

Hakuna protini kati ya hizi inayothibitisha saratani peke yake. Kinyama cha uvimbe lazima kichunguzwe.