Mtoto ameng'atwa na mbwa? Uliza kuhusu sindano ya pili

Jumatatu moja aliletwa kwetu mtoto wa miaka sita, kitambaa kimefungwa shavuni. Mbwa asiye na mwenyewe alimng'ata jioni iliyotangulia alipokuwa akicheza na wenzake. Kituo cha kwanza walichokwenda kilimchoma chanjo ya begani, baba akaambiwa amrudishe siku ya tatu. Jirani ndiye aliyemshauri aje hospitali.

Baba alikuwa mtulivu mpaka aliponiona nachoma sindano ndani ya jeraha lenyewe. "Daktari, si ameshachomwa ya bega? Mbona unamtesa mtoto?"

Mpenzi msomaji, swali lile lilikuwa la haki. Wazazi wengi huliuliza, na jibu lake linaweza kuokoa maisha ya mwanao.

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vilivyomo kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia kwenye jeraha, husafiri kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Mara nyingi dalili huanza baada ya miezi miwili hadi mitatu, ingawa zinaweza kuanza baada ya wiki moja tu au hata mwaka. Zikishaanza, kama vile kuogopa maji, karibu kila mgonjwa hufariki. Nafasi ya kumwokoa ipo kabla ya hapo.

Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili, yaani askari wanaovitambua virusi na kuvizuia. Lakini mafunzo hayo huchukua kati ya siku saba na kumi na nne, na virusi havisubiri. Pengo hilo huzibwa na sindano ya pili, imunoglobulini ya kichaa cha mbwa. Hii ni kingamwili iliyokwisha tengenezwa, inayotokana na damu ya watu au farasi waliochanjwa. Tunaichoma ndani ya jeraha na kulizunguka ili ivikamate virusi pale pale vilipoingilia. Kwa hiyo jeraha likiwa shavuni, sindano ya bega pekee haitoshi.

Nani anaihitaji?

Mate yakigusa ngozi nzima isiyo na jeraha, hakuna haja ya sindano. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu unahitaji chanjo tu. Lakini meno au kucha zikitoboa ngozi, au mate yakiingia kwenye kidonda, jicho au mdomo, mtu anahitaji chanjo na imunoglobulini.

Walio hatarini zaidi ni wenye majeraha mengi au ya kina, walioumia kichwani, usoni, shingoni au mikononi, na wale ambao kinga yao imeshuka sana. Shirika la Afya Duniani linasema takriban watu wanne kati ya kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi. Mbwa akimrukia, mara nyingi hufikia uso. Mjamzito pia anatibiwa, asiachwe kwa sababu ya ujauzito.

Aliyewahi kukamilisha chanjo ya kichaa cha mbwa hahitaji imunoglobulini, ila atachomwa chanjo za kuongeza kinga.

Ufanye nini?

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majani wala maji ya betri.

Pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Hata kama siku zimepita, nenda.

Tatu, uliza waziwazi: "Je, jeraha hili linahitaji imunoglobulini?" Kipimo chake hutegemea uzito, hivyo mtoto apimwe kwenye mizani. Huchomwa mara moja tu, vizuri zaidi pamoja na chanjo ya kwanza. Ikikosekana siku hiyo, bado inaweza kutolewa ndani ya siku saba tangu chanjo ya kwanza. Baada ya hapo mwili umeanza kujitengenezea kinga yake.

Dawa hii ni ghali na haipatikani kila mahali. Ukiikosa, usirudi nyumbani mikono mitupu. Jeraha lisafishwe vizuri, chanjo ianze mara moja, nawe uelekezwe hospitali inayoweza kuwa nayo. Kisha rudi kwa kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Usiogope hadithi za sindano nyingi za tumboni, hizo ni za zamani. Chanjo ya leo huchomwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo.

Yule baba nilimweleza haya kwa ufupi zaidi, sindano ikiwa mkononi. Akanyamaza, akakishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili, tukamaliza. Mtoto alilia sana. Alirudi tarehe zote, na leo amebaki na kovu dogo tu. Na mbwa wa nyumbani kwako, je, amechanjwa mwaka huu?