Jimbo Lililoamuliwa kwa Kura Moja

Nilipokuwa nafundisha uraia hapa Shinyanga, somo la uchaguzi nililianzia mwaka 2010. Mwaka huo, katika jimbo letu la Shinyanga Mjini, Stephen Masele wa CCM alimshinda Philip Shelembi wa CHADEMA kwa kura moja. Wanafunzi hawakuamini. Nikawauliza: nani kwao hakupiga kura siku ile? Mmoja baba yake alikuwa Geita kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, naye kajiandikisha Ngokolo. Mwingine shangazi yake alikuwa Kolandoto, anauguza mgonjwa. Mikono ikazidi kuinuka.

Na kura ile ilifika mbali. Mwaka 2012 Masele aliteuliwa Naibu Waziri wa Nishati na Madini. Dhahabu ya Geita na Bulyanhulu, almasi ya Mwadui, leseni za wachimbaji wadogo, yote yalikuwa ya wizara hiyo.

Babu zetu hawakuwa hata na kura hiyo moja. Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945 pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Machame, Waafrika wa kwanza humo, lakini aliyewateua ni gavana. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. Tena alilazimika kuwapigia watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wakulima wetu wengi wa pamba wangezitoa wapi pauni hizo? Mwaka 1965, chini ya TANU pekee, wagombea wawili walishindana kwa alama za jembe na nyumba, na asiyejua kusoma naye akachagua.

Neno “Mjini” katika jina la jimbo letu lisikupoteze. Ngokolo na Kambarage ni mitaa na maduka, ila Mwamalili na Chibe utakuta majaruba ya mpunga na ng'ombe. Mgombea anayejua kuzungumzia lami tu, huko mayu, yaani mama wa Kisukuma, atamsikiliza kwa adabu, kisha atamuuliza habari za maji ya mifugo.

Mwaka 2015 Masele alirudi, akimshinda Patrobas Katambi wa CHADEMA, mwenyekiti wa vijana wa chama hicho. Novemba 2017 Katambi alihamia CCM, na 2020 akalichukua jimbo kwa chama kilichomshinda. Majirani zangu waliompigia mwanzo waligawanyika, na wengine waliumia kweli.

Mimi wanaoniumiza roho ni vijana wa maduara. Wanaishi Geita miaka, majina yao yako huku, hivyo hawapigi kura kokote. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linapoboreshwa, aliyehama anaweza kuhamishia taarifa zake anakoishi. Nawaomba waende.