Bima inalipia ushauri nasaha, lakini hadi wapi?

WAFANYABIASHARA wadogo wa Kenya wanaponunua bima ya afya kwa kampuni binafsi, huuliza kwanza mchango wa mwaka na hospitali zinazopokea kadi. Ni wachache wanaofungua ukurasa wa afya ya akili, na hapo ndipo wengi hujikuta wakilipa mara mbili.

Kisheria mnunuzi ana nguvu kuliko zamani. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanampa mgonjwa wa akili haki ya kupata bima, na yanakataza kampuni kumbagua. Hata hivyo idadi ya vikao vya ushauri nasaha imeachwa kwenye mkataba, na mkataba huandikwa na muuzaji.

Chukua mfano wa mwuza mitumba wa Gikomba, soko ambalo limeungua mara kadhaa. Mzigo wake umeteketea, mkopo unadaiwa, usingizi hauji. Daktari anamwelekeza kwa mshauri nasaha. Kadi yake inasema matibabu bila kulazwa ni sh. 100,000, naye anaamini zote ni zake. Ndani ya mkataba, afya ya akili imetengewa sh. 20,000 tu. Kikao kikiwa sh. 4,000, bima inaishia kikao cha tano. Cha sita anatoa mfukoni, wakati ambao mfuko hauna kitu.

Tena hata hivyo vitano vina masharti. Kampuni nyingi hutaka barua ya daktari na kibali chao kabla ya kikao cha kwanza. Mshauri mwenyewe lazima awe amesajiliwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Risiti ya mshauri asiyesajiliwa, hata akiwa hodari, hurudishwa. Na anayeficha ugonjwa wa zamani kwenye fomu ya maombi huipa kampuni sababu ya kukataa dai.

Bima binafsi haiondoi mchango wa lazima wa Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii (SHIF), ulioanza Oktoba 2024. Asiye na mshahara hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isiyopungua sh. 300 kwa mwezi. Mfuko huo nao una fungu la afya ya akili, kwa hiyo ni busara kuuliza kituo cha karibu kinatoa nini kabla ya kununua nyongeza. Wakala akitaka sh. 25,000 zaidi kwa fungu la sh. 20,000, afadhali fedha hizo zibaki benki.

Kifungu kimoja kisirukwe: mikataba mingi hailipii gharama za mtu aliyejidhuru mwenyewe. Familia hukigundua hospitalini, bili ikiwa mezani.

Majibu ya wakala yadaiwe kwa maandishi kabla ya kulipa. Dai likikataliwa bila sababu ya haki, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, na maandishi hayo ndiyo ushahidi.