Ufa Huzaliwa Kabla ya Kuonekana

Katika miji ya kaskazini ya Marekani, kama Boston na Chicago, hutokea wakati wa baridi kali kwamba mtu aliyenunua piano mpya, au aliyegharimia mali nyingi ili kinanda cha wazee wake kifanywe upya, hufunua kifuniko akaona ufa mwembamba umepita katika ubao wa sauti. Naye kwa ghadhabu humdhania fundi kuwa amemghilibu, ilhali huenda fundi hana hatia.

Ubao huo ndio roho ya chombo. Nyuzi za piano, ingawa zimevutwa kwa nguvu ambayo jumla yake hufikia tani 18 au zaidi, peke yake hutoa mlio dhaifu. Lakini mtetemo wake ukiingia katika ubao mpana wa sprusi, wenye unene wa milimita 8 au 9 tu, hewa ya chumba kizima hutikisika, kama vile uso wa udi upazavyo sauti ya nyuzi zake.

Sasa tabia ya mbao ni kunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na kila inywapo hutanuka kwa mapana, wala urefu hauongezeki ila kidogo mno. Kwa mujibu wa ufundi wa kale, ubao hukaushwa hata maji yaliyomo yakawa kiasi cha asilimia 5, ndipo hugandishwa mbavu zilizolazwa kukingama. Na ubao urudiapo unyevu wake hutaka kutanuka, mbavu zikauzuia, ukajibinua mfano wa tanga lililoshika upepo mchache, ukapata nguvu ya kuhimili mkandamizo wa nyuzi.

Hapa ndipo penye siri. Hewa ya Julai ijaapo unyevu, ubao hubanwa kupita kadiri yake, na chembe zake laini hupondeka zisirudi tena hali yake ya asili. Kisha, baridi ijapo na majiko yakakausha hewa ya nyumba, ubao hunywea, na kwa kuwa umekwisha kupungukiwa, hupasuka. Jicho huuona ufa Februari, lakini ulizaliwa Julai. Kwa ajili hiyo mafundi wengine huzichonga mbavu zenyewe ziwe na mbinuko, ili ubao usibebeshwe mbano wote.

Je, sauti imeharibika? Aghalabu sivyo, maadamu mbavu zimeshikamana na ubao; bali ubavu ukibanduka, husikika mvumo wa kuudhi kama wa nyuki. Fundi hodari huugandisha tena, na ufa akaupachika ukanda mwembamba wa sprusi.

Lakini dawa iliyo bora ni hewa isiyogeuka geuka, yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50, mwaka mzima. Basi mwenye piano na aweke kipimo cha unyevu kando yake kabla ya kumshitaki fundi, maana ubao mpya, ukirudishwa katika hewa ile ile iliyoupasua wa kwanza, nao utapasuka.