Kobe Asiyetulia Uani

Kobe amesifiwa kwa utulivu, hata watu hudhani kwamba akitiwa uani atakaa mahali pamoja kama jiwe. Mfugaji wa kobe mgeni huona kinyume chake. Tangu alfajiri kobe huzunguka kandokando ya ua, husukuma kila tundu kwa kichwa, hukwaruza pembeni akijaribu kupanda, wala hatazami majani aliyowekewa. Jambo hili si dogo. Kobe apandaye ukuta huweza kuanguka chali, na akibaki chali katika jua la adhuhuri bila mtu wa kumgeuza, hufa.

Habari za kobe wa namna hiyo ziliandikwa vizuri na Gilbert White, kasisi aliyekaa katika kijiji cha Selborne, nchi ya Uingereza. Shangazi yake, Bibi Snooke, alikuwa amefuga kobe miaka mingi, na jina la kobe huyo lilikuwa Timothy. Bibi alipokufa, White alimchukua kobe mwezi wa Machi, 1780. Alimfukua udongoni, maana kobe wa nchi ile hujizika na kulala majira yote ya baridi, akamtia sandukuni, akasafiri naye maili 80 kwa gari la farasi. Misukosuko ya njia ilimwamsha kabisa. Alipowekwa bustanini alikwenda mara mbili mpaka mwisho wa bustani. Lakini jioni, baridi ilipozidi, alijichimbia katika udongo laini akajificha tena.

Ndivyo alivyo kobe mgeni. Hana budi kuijua mipaka ya mahali pake, na kuzunguka kwake siku za kwanza si ugonjwa. Aachwe. Watoto hupenda kumwinua kila saa ili wawaonyeshe rafiki zao, nako kuinuliwa ndiko kunakomtia hofu. Na kobe mwenye hofu huweza kuyamwaga maji yaliyomo kibofuni mwake, ambayo katika nchi kavu ndiyo akiba yake. Tena Timothy alipata udongo wa kujifichia. Ua uliofagiwa ukawa safi kama sakafu huwapendeza watu, lakini kwa kobe ni jangwa. Apewe kichaka, majani makavu, na chungu kikubwa kilichovunjika kilazwe ubavu awe na nyumba.

Mwili wa kobe haufanyi moto wake wenyewe kama mwili wa mbuzi au wa mtu. Hupata joto kwa kuota jua, na likizidi hulikimbia. White alimwona Timothy, majira ya baridi yakikaribia, akiliegemeza gamba lake ukutani ili lielekee jua hafifu, kwa kuwa asili yake ni nchi za joto kando ya Bahari ya Mediterania. Katika Afrika ya Mashariki taabu huwa nyingine: jua ni tele, kivuli ndicho haba. Kobe asiyeona kivuli saa sita ataendelea kutembea akikitafuta, naye kila hatua huzidi kuungua. Kwa hiyo ua mmoja uwe na pande mbili, pa jua na pa kivuli, achague mwenyewe.

Lakini mara nyingi sababu ya mahangaiko ni kizuizi chenyewe. Seng'enge humwonyesha kobe nyasi za ng'ambo, naye husukuma kutwa hata pua ikachubuka. Ukuta wa mawe, matofali au mbao, usioruhusu macho kupita, humtuliza kuliko maneno yote ya kubembeleza. Misingi yake ichimbwe chini, maana kobe wengine huchimba. Na pembe ziviringwe, kwa sababu pembeni ndipo apatapo kuta mbili za kushika kwa makucha akapanda. Madume mawili yasiwekwe pamoja. Hupigana kwa kugongana magamba, na aliyeshindwa hutafuta njia ya kutoroka mchana kutwa.

Chakula ni nyasi na majani ya porini. Si ugali, wala mkate, wala nyama. Maji yawe katika chombo kipana chenye kina kifupi, kwa kuwa kobe hajui kuogelea kama kasa.

Ifahamike pia kwamba kobe wa porini haokotwi ovyo. Sheria za Kenya na za Tanzania zinakataza kumfuga mnyama wa porini pasipo kibali.

Timothy naye hakutulia daima. White aliandika kwamba katika siku fulani za mwaka aliamka alfajiri, akaipita bustani yote akipeleleza kila mwanya wa ua, na mara nyingi aliwaponyoka watunzaji akaenda mashamba ya mbali. Mwaka 1784 alipotea siku kadhaa. White alidhani kwamba anatafuta mke. Baada ya kufa kwake mwaka 1794, gamba lake liliwekwa katika nyumba ya makumbusho huko London, na wataalamu walipolichungua waliona kwamba Timothy alikuwa jike.

Jike huwa na sababu yake ya kuhangaika, ambayo wafugaji wengi huisahau. Akiwa na mayai hutafuta ardhi ifaayo. Asipoipata mayai hubaki tumboni, na huweza kumwua. Ni lazima basi uani pawe na mahali pa udongo mwororo upatao jua, usiopungua kina cha mguu wake wa nyuma. Hapo atachimba shimo kwa miguu ya nyuma, akilowesha udongo kwa mkojo ukiwa mgumu, atataga, atalifukia na kulishindilia kwa gamba la tumbo. Kisha huondoka polepole, akaenda kula majani ambayo jana hakuyatazama.