Mlima Uliopewa Jina na Wapita Njia

Mtu wa Makoongwe, kisiwa kidogo kinachotazamana na bandari ya Mkoani huko Pemba, hana mlima wa kuutazama. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Lakini Kilimanjaro anaujua kwa jina tangu utotoni, na akifika Unguja akitaka kuvuka kwenda Dar es Salaam, huenda akapanda boti iitwayo hivyo hivyo. Mlima wenyewe uko kilomita zaidi ya 300 kaskazini-magharibi mwa Makoongwe, jirani na mpaka wa Kenya, nyuzi tatu hivi kusini mwa Ikweta. Kilele chake kina mita 5,895.

Wachaga, wanaoishi na kulima migomba kwenye miteremko yake, walitaja vilele vya Kibo na Mawenzi, kila kimoja kwa jina lake. Jina la mlima mzima lilivuma zaidi kwa watu wa misafara ya pwani, nao hawakuacha maelezo. Ludwig Krapf, mmisionari wa Rabai aliyefanya kazi na Johannes Rebmann, alilifasiri kuwa mlima wa ukuu. Alisema pia huenda ni mlima wa misafara. Wengine hulitoa kwenye Kichaga, kwa maana ya kitu kinachomshinda msafiri. Mimi naelemea hapo, kwani Mswahili gani angeliita kilima jabali lile?

Rebmann alipouona weupe wa kileleni tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wa msafara wake aliuita "baridi" tu. Wengine walidai ni fedha. Ikasimuliwa kwamba waliotumwa kuichota walifika chini na maji matupu. Huko London, mwanajiografia William Cooley, ambaye hakuwahi kufika mlimani, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta.

Wachaga wana kisa kitamu zaidi. Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto, akamkuta anatwanga ndizi kavu. Akapewa moto, na ndizi juu yake. Utamu ukamkolea: akarudi tena na tena akisingizia moto umezimika. Kibo akapandwa na hasira, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka na kupasukapasuka hadi leo.

Hadithi moja tu siipokei: kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima huu mjukuu wake, Kaizari Wilhelm wa Pili, siku ya kuzaliwa kwake. Mpaka ulioupeleka mlima upande wa Wajerumani ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Wilhelm alikuja kuwa Kaizari mwaka 1888.