Majivu ya Olduvai na Saa Mbili

Mwaka 1961, miaka miwili baada ya Mary Leakey kulipata fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, katika bonde la Olduvai, Tanzania, Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza umri wake: miaka milioni 1.75. Hawakuupima mfupa. Walipima majivu ya volkano ya tabaka za mahali lilipopatikana.

Majivu hayo yana fuwele za felspa zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka taratibu mno kuwa gesi ya argoni. Volkano ikilipuka, joto huifukuza gesi ya zamani na hesabu huanza sifuri. Hiyo ndiyo saa ya kwanza, saa ya mawe.

Saa ya pili iko angani. Mhimili wa dunia huyumba kama pia inayochoka, na kila baada ya miaka 19,000 hadi 23,000 jua la tropiki huzidi kisha hupungua. Mvua hufuata. Ndivyo ziwa la kale la Olduvai lilivyojaa na kunywea, likiacha alama kwenye udongo wake.

Saa hizi ziligongana. Lava ya Olduvai imehifadhi kipindi ambacho sumaku ya dunia ilirudia kwa muda uelekeo wa leo, na kipindi hicho kikapewa jina la bonde hilo. Mwaka 1979 saa ya mawe ilikiweka kati ya miaka milioni 1.87 na 1.67 iliyopita. Mwaka 1990 Nicholas Shackleton na wenzake, wakihesabu midundo ya anga katika matope ya baharini, walipata 1.95 na 1.77. Vipimo vipya vya argoni viliipa anga haki.

Ikabaki tofauti ndogo kati ya saa hizo, nayo kwangu ndiyo kiini cha jambo. Leo fuwele hupimwa pamoja na fuwele nyingine ya rejea yenye umri unaojulikana, hasa ile ya Fish Canyon, Colorado. Rejea ikikosewa, kila umri unaoitegemea unakosewa nayo. Mwaka 2008 Klaudia Kuiper na wenzake walichukua majivu ya Morocco yaliyolala kati ya tabaka za bahari zenye umri uliohesabiwa kwa anga, wakayatumia kuikagua rejea yenyewe. Umri wake ukapanda kutoka miaka milioni 28.02 hadi 28.201.

Hiyo ni asilimia 0.65 tu. Lakini kwa majivu ya miaka milioni 1.8 ni kama miaka 11,600, yaani nusu ya mdundo wa mvua: ziwa tulilodhani limefurika linageuka kuwa ziwa lililokauka. Kwa hiyo umri unaotajwa bila rejea yake haujakamilika.

Tahadhari ipo. Ukishalinganisha matope na anga ili upate umri, huwezi kuyaita tena matope hayohayo yashuhudie kwamba anga ndiyo iliyoleta mvua. Ndiyo maana nayathamini sana matabaka ya Chemeron, karibu na Baringo, Kenya. Huko Alan Deino na wenzake walipima kwa argoni majivu yaliyo kati ya tabaka za maganda ya mwani wa ziwani, zenye umri wa miaka milioni 2.7 hadi 2.55. Maziwa yalikuwa yakirudi kila miaka 23,000 hivi.